Imekamatwa, Haijamwagwa

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kianyaga, na kuandikwa kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili la Ramadhan)



Sifa zote njema zinamstahikia Allah Subhanahu wa Taala aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu vijana. Mada niliyopewa ni kurudia madhambi tuliyokwisha kuyazoea, na namna mtu anavyoweza kujichunga mwenyewe. Najua wengi mkisikia mada kama hii mnajiandaa kusikia habari za moto. Leo nitaanza na habari ya polisi.

Mwezi wa Februari 2024, mwezi mmoja na siku kidogo kabla ya Ramadhan ya mwaka ule, hapa hapa Kirinyaga, katika kijiji cha Kangai kule Mwea, watu walikunywa pombe haramu baa wakaanza kutapika na kupoteza macho. Zaidi ya watu kumi walikufa. Mnakumbuka matanga yale. Sasa vifo vya pombe si habari mpya kwetu. Mwaka 2000 kumi kumi iliua watu zaidi ya mia moja Nairobi, na Mei 2014 wenzetu wa Embu na kwingineko walizika makumi ya watu kwa sababu ya methanoli. Kilichowashangaza watu safari ile ya Kangai ni lile lililotangazwa na wizara inayosimamia usalama wa ndani: kwamba pombe ile ilikuwa imeshakamatwa! Ilinaswa kwenye msako, ikapelekwa kituo cha polisi cha Kiamaciri ikae kama ushahidi. Kutoka pale kituoni ikapata njia, ikarudi baa, ikauzwa, ikaua.

Sikusimama hapa kuwasema polisi. Hayo yana mahakama yake. Mimi nimeshikwa na jambo moja tu katika kisa kile: pombe ilikamatwa lakini haikumwagwa. Ilifungiwa stoo. Na kitu kilichofungiwa stoo kinamngoja tu mwenye ufunguo.

Hebu sasa tujiangalie. Usiku wa kuandama mwezi wa Ramadhan sisi hufanya msako mkubwa sana. Kijana aliyekuwa akicheza kamari ya simu anatoa programu kwenye simu, lakini akaunti iko, nywila anaikumbuka, na shilingi mia mbili amezibakisha ndani. Mwingine ana namba ya msichana anayejua fika kwamba mawasiliano yao si ya halali. Haifuti. Anaibadilisha jina tu, anaiandika “Fundi wa Stima”. Mwingine anahamisha vidio zake kwenye kadi ndogo, kadi anaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini chini ya nguo. Na yule wa keg anawaambia wenzake kwa uso mkunjufu kabisa, “Tutaonana baada ya Idd, wazee.” Dada naye ana kundi lake la WhatsApp la kusengenya watu wa mji huu mmoja baada ya mwingine. Amelizima sauti. Hakutoka.

Ukimuuliza kila mmoja wao atakwambia ameacha. Na kweli siku ya kwanza mpaka ya ishirini na tisa humwoni akifanya. Lakini ndugu yangu, hiyo ni stoo ya ushahidi. Ushahidi wenyewe umo ndani, umepangwa vizuri, na ufunguo uko mfukoni mwako.

Wanavyuoni wetu, akiwemo Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin, wameeleza kwamba toba ina masharti: kuacha dhambi, kujuta kwa kuifanya, na kuazimia kutoirudia kamwe. Na ikiwa dhambi inagusa haki ya mwanadamu mwenzako, umrudishie haki yake. Angalia hilo sharti la tatu. Mtu aliyeacha mpaka Idd ameazimia nini? Ameazimia kurudi, na tarehe ameshaiweka! Huyo hajatubu, ameahirisha.

Na hapa nataka mnielewe vizuri, maana pana watu wawili wanaofanana kwa nje na tunawachanganya kila mwaka. Wa kwanza ni huyo aliyeahirisha. Wa pili ni yule aliyetubu kwa dhati, akalia kweli, akaazimia kweli, halafu mwezi wa Shawwal au wa Dhulqaad akateleza. Huyu wa pili toba yake ya kwanza, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, ilisihi na haibatiliki kwa kuteleza kule. Anachotakiwa ni kutubia hili jipya. Akiteleza tena, atubu tena. Katika hadith iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza habari ya mja anayekosea na kuomba maghfira, akakosea tena na kuomba tena, mara kwa mara, na kila mara Mola anasema mja wangu amejua kwamba anaye Mola anayesamehe na anayeadhibu, na anamsamehe. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akidhani nimemfungia mlango. Ninayemgombeza ni mwenye stoo.

Sasa tuseme habari ya kumwaga. Wengine mtaniambia, “Ustadh, mbona hapa kwetu pombe ilishamwagwa?” Kweli. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe za kizazi cha pili zisakwe katika mkoa huu wa kati. Wabunge waliongoza vijana, mabaa yakavunjwa, makasha yakapasuliwa barabarani, mitaro ikanuka siku nzima. (Na mali nyingine za watu zikaharibiwa bila ya haki, lakini hilo nalo tuliache.) Ilimwagwa mchana kweupe na picha zikapigwa. Haikupita miaka kumi, Kangai ikazika. Kwa nini? Kwa sababu aliyemwaga si aliyekuwa akinywa. Mnywaji alisimama kando akitazama, pengine akihesabu ni siku ngapi zitapita kabla ya duka jingine kufunguliwa.

Mfananishe na Madina. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa kijana, umri kama wa nyinyi mliokaa hapo mbele. Amesimulia kwamba alikuwa akiwamiminia watu pombe ya tende nyumbani kwa Abu Talha. Mpiga mbiu akapita akitangaza kuwa pombe imeharamishwa. Abu Talha akamwambia kijana atoke akasikilize kuna nini, na aliporudi na habari akamwamuru aende akaimwage. Anas akaimwaga, na siku ile ilitiririka katika vichochoro vya Madina. Hakuna askari aliyeingia nyumba ile. Mwenye nyumba ndiye aliyetoa amri, mkono wa mnyweshaji ndio uliomwaga, na hawakusema tumalizie hii iliyobaki kwenye vikombe.

Lakini msidhani walifika pale kwa siku moja. Kwanza ilishuka aya katika Suratul Baqara kwamba katika pombe na kamari mna madhara makubwa na manufaa kwa watu, na madhara yake yamezidi manufaa. Kisha ikashuka aya ya Suratun Nisaa inayokataza kuikaribia swala katika hali ya ulevi. Piga hesabu. Mtu anayeswali mara tano kwa siku, na anatakiwa awe timamu kila swala, amebakiwa na saa ngapi za kunywa? Walijizoeza hivyo muda, mwili ukajifunza kukaa bila. Ndipo ikaja ile ya Suratul Maida inayomalizia kwa kuuliza, je, sasa mtaacha? Wakaacha.

Ndugu yangu, Ramadhan yako ndiyo mazoezi yale. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, mchana wetu haurefuki wala haufupiki sana, tunafunga zaidi ya saa 13 kila siku, mwaka baada ya mwaka. Saa zaidi ya 13 huwezi kugusa hata maji yako mwenyewe ya halali, na unaweza! Tena tumefundishwa katika hadith sahihi kwamba mashetani wanafungwa minyororo mwezi huu. Basi ile inayokuvuta leo saa tisa mchana unapokuwa peke yako na simu yako ni nini? Ni nafsi yako na mazoea uliyoyalea mwenyewe. Mwezi huu Allah (S.W.) amekuonyesha adui wa ndani akiwa peke yake, bila msaidizi. Ni nafasi ya kumsoma.

Kumsoma vipi? Nyinyi mliokulia kwenye kahawa mnanishinda elimu hii. Mti wa kahawa ukishapogolewa hautulii. Unatoa machipukizi kwenye shina lile lile la zamani, mengi, na kila moja linanyonya nguvu ya matawi yenye matunda. Mkulima mzuri anapita shambani mara kwa mara, anayavunja kwa vidole yakiwa bado laini. Hata kisu hahitaji. Yule mvivu anayengoja msimu mzima anakuta chipukizi limekuwa mti, na sasa anatafuta msumeno. Na hakuna mkulima anayeliona chipukizi akalia kwamba kupogoa kwake kulikuwa bure. Analivunja, anaendelea.

Dhambi ya mazoea, nikuambie, haiji ovyo ovyo. Ina saa yake, mahali pake na watu wake. Chukua mwendesha boda boda. Asubuhi ana abiria, hana nafasi ya kamari. Inamjia saa nane mchana, steji imetulia, jua kali, wenzake watatu wameinamia simu na mmoja ameshinda mia tano. Mfanyakazi wa ofisi inamjia siku ya mshahara. Mkulima wa chai inamjia bonasi ikilipwa, na mabaa yanaijua tarehe ile kuliko yeye mwenyewe! Mwanafunzi inamjia saa tano ya usiku, wazazi wamelala, mlango umefungwa. Mama inamjia akiwa amemaliza kazi za asubuhi na jirani ameleta kiti, na jina la mtu wa tatu linatajwa. Kila mmoja wetu akijiangalia kwa uaminifu wiki moja tu ataijua saa yake.

Umar bin Khattab (R.A.) aliwausia watu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa. Na katika Suratul Hashr tumeamrishwa kila nafsi iangalie ilichotanguliza kwa ajili ya kesho. Mfanyabiashara wa soko la Kutus halali bila kuhesabu mauzo yake. Wewe baada ya Taraweh kaa dakika kumi. Usijiulize swali kubwa la “je, mimi ni mtu mwema?”, hilo litakuchosha na halina jibu. Jiulize: leo nilivutwa saa ngapi? Nilikuwa wapi? Na nani? Nilifanya nini dakika ile ya kwanza? Ukishajua saa yako ni saa nane pale steji, basi saa nane upange uwe msikitini unasoma juzuu yako, au uwe umelala. Hiyo ndiyo kulivunja kwa vidole.

Nimesema kujichunga, na siyo kuchungwa. Tofauti yake mnaiona kila siku kwenye matatu. Kanuni za marehemu John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, kila gari likawekwa mikanda na vidhibiti mwendo. Leo panda matatu ya kwenda Kerugoya. Abiria wamekalia mikanda. Dereva akimulikiwa taa na mwenzake anayetoka mbele, anasema, “Fungeni mikanda, polisi wako mbele.” Gari zima linasikika tap, tap, tap. Likishapita kizuizi, mikanda inafunguliwa. Sasa mkanda ule ulifungwa kwa ajili ya nani? Ajali haiji penye kizuizi cha polisi. Inakuja pale kwenye kona, ambapo hakuna askari.

Wengi wetu tunaswali na kufunga kwa mtindo huo. Baba akiwa nyumbani, mkanda umefungwa. Ustadh akipita, tap. Ramadhan yenyewe tumeifanya kizuizi cha siku thelathini, tukishapita tunafungua. Ile hadith ya Jibril (A.S.) aliyomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ihsani, mnaijua: umuabudu Allah kana kwamba unamwona, na kama wewe humwoni basi Yeye anakuona. Huyo hamulikiwi taa, wala hasubiri penye kizuizi.

Wazazi, hapa nina neno lenu. Ukimgeuza mtoto wako mshukiwa na wewe ukawa askari, atajifunza jambo moja tu, nalo ni ratiba yako. Miji yetu hii ya mlimani, kutoka Nyeri mpaka Embu, Waislamu tu wachache. Mtoto wako anasoma bweni ambako pengine ni yeye na wenzake wawili tu wanaofunga, hakuna wa kuwaamsha daku, na jirani akiwa na sherehe ya mahari muratina inapitishwa kwa wageni wote. Humwoni huko. Kwa hiyo zungumza naye akiwa mdogo kuhusu Anayemwona. Na akija kukwambia kwa mdomo wake kwamba ameteleza, tafadhali sana, usimfanye ajute kwamba alikwambia.

Maana kuna jambo linaloumiza sana katika mikusanyiko yetu. Kijana aliyekuwa mlevi anaonekana safu ya mbele Ramadhan, watu wanaminyana viwiko: “Tutamwona Shawwal.” Na akionekana Shawwal anatoka baa, tunafurahi kwamba tulijua! Someni kisa cha yule bwana wa Madina, Abdullah, aliyekuwa na jina la utani la Himar. Bukhari amekipokea. Alikuwa mcheshi, akimchekesha Mtume (S.A.W.). Na alikuwa akinywa. Akaadhibiwa kwa sababu ya pombe, akarudia, akaletwa tena. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani, akasema ni mara ngapi huyu analetwa! Mtume (S.A.W.) akamkataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu haikuondolewa, haramu haikugeuzwa halali. Lakini hakufukuzwa katika mapenzi. Na katika riwaya nyingine ya mfano huo Mtume (S.A.W.) aliwaambia wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Ukimcheka aliyeteleza, umesimama upande wa nani?

Na wewe unayepambana, usipambane peke yako pale pale ulipoangukia. Yule mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akakamilisha mia, mwanachuoni hakumwambia tu kuwa toba yake inakubaliwa. Alimwambia aihame nchi yake, maana ni nchi mbaya, aende mahali penye watu wanaomuabudu Allah akaabudu nao. Alifia njiani, na rehma ikamchukua kwa sababu alikutwa karibu zaidi na kule alikokuwa akienda. Sisemi mhame Kianyaga! Lakini unaweza kuhama steji. Unaweza kuzunguka nyuma ya soko ukirudi nyumbani, hata kama ni mbali kwa dakika tano, usipite mbele ya mlango ule unaokujua kwa jina. Na unaweza kumtafuta mwenzako mmoja msikitini, mmoja tu mnayeaminiana, umwambie saa yako ni saa ngapi ili akupigie simu saa hiyo. Siyo lazima umweleze dhambi yako, Allah amekusitiri nawe jisitiri. Mwambie tu, “Nipigie saa nane.”

Kadi iliyo kabatini ivunje. Namba ya Fundi wa Stima ifute. Akaunti ya kamari omba ifungwe kabisa, na kama zimo pesa za mtu uliyemkopa ukacheza nazo, deni lake lilipe. Ufanye kwa mkono wako leo, ungali umefunga, nafsi ikiwa imechoka na haina nguvu ya kubishana.

Limebaki jambo moja, nalo ni usiku wa Idd. Katika Suratun Nahl tumekatazwa tusiwe kama mwanamke aliyeukata uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa imara. Mama zetu wanaosokota katani ya vyondo wanajua ni siku ngapi za kazi ziko katika mpira mmoja wa uzi. Sisi uzi wetu tunaukata usiku ule ule, kati ya Magharibi na Isha, mwezi ukishatangazwa tu. Stoo zote zinafunguliwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usiku ule usiachwe wazi. Tumekubaliana na wazee kwamba zakatul fitri mwaka huu itapimwa na kupelekwa na vijana wenyewe, mchele wa Mwea, pishi moja kwa kila kichwa, na uwe umefika kwa wenyewe kabla ya swala ya Idd. Zipo nyumba za mbali, na nyingine barabara zake mnazijua mvua ikinyesha. Tutaanza baada ya Isha na takbira, na kwa hesabu yangu hatutamaliza kabla ya saa sita za usiku. Tunataka watu wa kupima, wa kufunga mifuko na wa kubeba. Orodha iko kwa katibu pale mlangoni. Mwenye pikipiki aje nayo, mafuta tutachanga.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.